Pasaka Port Bell: kwa nini tarehe mbili?

Wakimbizi wanaopanga nyumba Port Bell na Luzira huulizana kila mwaka: mbona jirani Mkongomani ameshakula Pasaka, na jirani kutoka Eritrea bado anafunga?

Pasaka ilianzia kwa Wayahudi, wakati shayiri inapokomaa. Wakristo waliiweka Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, majira ya kuchipua huko kaskazini: baridi imekwisha, miti iliyoonekana imekufa inatoa majani. Wazungu waliona ufufuko katika majani hayo. Sisi tuko karibu na ikweta, hatuna baridi ya kuaga. Hapa Pasaka huja na mvua za Machi hadi Mei, ambazo Waganda huziita ttoggo. Ni wakati wa kupanda maharage na mahindi, hata kwenye gunia mlangoni kwa asiye na shamba. Mbegu huzikwa kwanza ndipo iote. Mkulima wa Kivu hahitaji mahubiri marefu kulielewa hilo.

Mvua hizo si baraka tu. Mwaka 2020 Pasaka ilifika tarehe 12 Aprili makanisa yakiwa yamefungwa kwa sababu ya korona, watu wakasali vyumbani mwao. Mwezi uliofuata Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, na maji yakaingia kwenye makazi ya ufukweni.

Sasa tarehe. Waothodoksi wa Ethiopia na Eritrea, na wale wa Uganda wenye kanisa kuu Namungoona, huadhimisha Pasaka kwa tarehe inayolingana na kalenda ya zamani ya Julius. Mwaka 2025 sikukuu ziliangukia siku moja, 20 Aprili. Mwaka 2026 ni 5 Aprili kwa Wakatoliki na Waprotestanti, 12 Aprili kwa Waothodoksi. Mwaka 2027 zinaachana wiki tano: 28 Machi na 2 Mei.

Waethiopia na Waeritrea hufunga siku 55 bila nyama, maziwa wala mayai, kisha usiku wa kuamkia Jumapili hufungua, na mchana humkaribisha jirani kwa injera, mchuzi wa kuku na kahawa. Usimpelekee pilau ya nyama Pasaka yako inapotangulia. Mpelekee maharage yasiyo na samli.

Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka za mapumziko nchini Uganda hufuata tarehe ya Wakatoliki. Mwothodoksi mwenye kibarua aombe ruhusa mapema, na mzazi azungumze na mwalimu kabla ya wiki hiyo.