Kenya: Mimbari na kampeni za uchaguzi

Nchini Kenya, Jumapili katika msimu wa uchaguzi huwa pia siku ya kampeni. Mgombea hufika kanisani na msafara wake, huketishwa safu ya mbele, hupewa nafasi ya kuwasalimu waumini, na mara nyingi huacha mchango wa ujenzi kabla ya kuondoka. Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 2027, na swali la miaka mingi limerejea: ni nani mwenye mamlaka ya kumzuia mwanasiasa asiitumie nyumba ya ibada kutafuta kura?

Sheria inasema nini

Ibara ya 8 ya Katiba ya 2010 inatamka kuwa hakuna dini ya taifa. Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa kuabudu, na Ibara ya 91 inakataza chama cha siasa kuundwa kwa misingi ya dini. Marufuku hayo, hata hivyo, yanakihusu chama. Mgombea hazuiwi kuitaja imani yake jukwaani wala kuombewa hadharani.

Hata kabla ya katiba hiyo, mzigo wa katazo haukuzilemea pande zote kwa usawa. Mwaka 1992, chama cha Islamic Party of Kenya, kilichokuwa na nguvu Mombasa, kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni cha kidini. Wakati huohuo Rais Daniel arap Moi alihudhuria ibada kila Jumapili, na shirika la utangazaji la serikali likaitangaza miongoni mwa habari zake kuu. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Wakristo ni takriban asilimia 85 ya Wakenya na Waislamu ni asilimia 11. Kwa hiyo lugha ya imani inayosikika zaidi katika kampeni ni ya Kikristo.

Mwaka 2007 na matokeo yake

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa chama kimoja, maaskofu wa Anglikana Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari waliikosoa serikali waziwazi, na kanisa likapata heshima ya kuwa sauti ya wasio na sauti. Heshima hiyo ilitikiswa katika uchaguzi wa Desemba 2007.

Mgombea urais Raila Odinga alikuwa ametia saini makubaliano na viongozi wa Kiislamu kuhusu malalamiko ya jamii yao. Ikasambazwa nakala ya bandia iliyodai kuwa ameahidi kuleta utawala wa sharia, na baadhi ya viongozi wa makanisa wakaitumia kuwaonya waumini. Makubaliano halisi yalipochapishwa, hofu ilikwisha kuenea.

Ghasia zilizofuata matokeo ziliua zaidi ya watu 1,100. Kanisa lililokuwa limewahifadhi wakimbizi huko Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto watu wakiwa ndani. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini Kenya lilikiri kuwa viongozi wake walikuwa wameegemea pande za kisiasa, likaomba radhi. Nchi ilipohitaji wapatanishi, wachungaji wengi hawakuaminiwa tena na pande zote mbili.

Maombi, kisha fedha

Desemba 2010, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai aliwataja Uhuru Kenyatta na William Ruto miongoni mwa washukiwa wa ghasia hizo. Wawili hao walizunguka nchi wakifanya mikutano ya maombi, na shauri la mahakamani likaelezwa kwa wafuasi wao kama jaribu la imani. Walishinda uchaguzi wa Machi 2013. Mashtaka dhidi ya Kenyatta yaliondolewa mwaka 2014, na kesi ya Ruto ikasitishwa mwaka 2016.

Kuelekea 2022, Ruto alijulikana kwa kutembelea makanisa na kutoa michango mikubwa katika harambee. Wapinzani wake walihoji fedha hizo zilikotoka. Naye alisema anamtolea Mungu. Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Jackson Ole Sapit, alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia katika ibada za kanisa lake. Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 ya kura. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kura ngapi zilitoka kanisani.

Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, ambamo makanisa pia yalishutumiwa kwa kuwakumbatia wanasiasa, Rais Ruto alitangaza kuwa maofisa wa serikali hawatashiriki tena katika harambee. Miezi minne baadaye yeye mwenyewe alitoa mchango katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha hizo zirudishwe. Machi 2025, ahadi ya rais ya shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu ilizua maandamano.

Kinachosubiriwa 2027

Mpaka sasa, kizuizi chenye nguvu kimetoka kwa viongozi wa dini kuliko kwa sheria. Lakini si kila kanisa linaweza kukataa. Jimbo kuu lenye shule, hospitali na ardhi huweza kurudisha mchango. Kanisa dogo la mabati, ambalo mchungaji wake hana mshahara, hufikiri mara mbili.

Gharama ya kuupokea huonekana baadaye, matokeo yanapobishaniwa. Hapo ndipo waumini wa pande zote huhitaji kiongozi wa dini ambaye hakumwombea mgombea mmoja ashinde na kumwita mwingine adui wa Mungu.