Ufundi wa Kompyuta Isiyowaka: Historia Fupi

Kompyuta ndogo ya Altair 8800, iliyotoka Marekani mwaka 1975, ilipowashwa haikuwa na maelekezo yoyote ndani yake, hivyo mwenyewe ndiye aliyeyaingiza ya kwanza kwa kupandisha na kushusha swichi zilizopangwa usoni mwa mashine, na swichi moja ikikosewa, kazi yote ilikwama bila mashine kutoa dalili ya mahali penye kosa.

Hatua muhimu ilikuja mwezi Agosti 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani, modeli 5150, iliyobeba maelekezo yake ya kwanza, programu iitwayo BIOS, katika kumbukumbu ya kudumu, yaani ile isiyofutika umeme unapozimwa. Jina hilo lilikwisha kutumiwa na Gary Kildall katika mfumo wake endeshi wa CP/M, lakini BIOS ya IBM ilipewa pia jukumu la kuikagua mashine kabla ya kutafuta diski, ukaguzi unaojulikana kwa kifupi kama POST. Ilianza na prosesa, ikahakiki chipu ya BIOS yenyewe, ikajaribu kilobaiti 16 za mwanzo za kumbukumbu ya muda, na baada ya hapo tu ndipo ilipofikia skrini, kibodi na diski. Mpangilio huo ndio unaoeleza kwa nini fundi alilazimika kutumia masikio: hitilafu iliyotokea kabla ya skrini kuwa tayari haikuweza kuandikwa popote, kwa hiyo spika ndogo ndiyo iliyobaki kuwa njia ya kuitangaza. Mlio mmoja mfupi ulimaanisha heri. Skrini ikishapatikana, hitilafu zilizofuata zilitajwa kwa namba, 201 ikiwa ya kumbukumbu, 301 ya kibodi na 601 ya diski laini.

IBM ilichapisha maelekezo yote ya BIOS hiyo katika kitabu chake cha kiufundi, jambo lililowafaa mafundi, ingawa hakimiliki iliwazuia washindani kuyanakili. Mshindani mmoja, kampuni ya Compaq, iliandika BIOS yake upya, na baadaye kampuni kama Phoenix, AMI na Award zikawauzia watengenezaji wengine BIOS zao, kila moja ikiwa na milio yake. Milio mitatu ya AMI iliashiria hitilafu ya kumbukumbu, na mrefu mmoja wenye mifupi miwili wa Award uliashiria kadi ya skrini. Fundi asiyejua BIOS ilikuwa ya nani angeweza kutupa kadi nzima isiyo na kosa.

Modeli ya AT ya mwaka 1984 ilileta njia ya uhakika zaidi, kwani BIOS yake, kila ilipoingia hatua mpya ya ukaguzi, ilipeleka namba kwenye anwani maalumu ya ndani. Kadi ndogo iliyochomekwa kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa mashine, ilizionyesha namba hizo kwa tarakimu mbili, na ile iliyoganda ilitaja hatua iliyoanza isikamilike. Taa nne zinazowekwa kwenye mbao mama nyingi za leo, za prosesa, kumbukumbu, kadi ya skrini na diski, zinafanya kazi hiyohiyo kwa ufupi.

Njia zote hizo, hata hivyo, zilitegemea BIOS yenyewe kuwa nzima, na udhaifu huo ulidhihirika tarehe 26 Aprili 1999, kirusi CIH kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan kilipoharibu data za diski na, katika baadhi ya mbao mama, kufuta BIOS, ambayo kufikia wakati huo ilihifadhiwa katika chipu zinazoweza kuandikwa upya. Mashine ya namna hiyo haikulia wala kuonyesha namba. Waliokosa kifaa cha kuandikia chipu walithubutu kuwasha kompyuta nzima yenye ubao unaofanana, wakaing'oa chipu yake umeme ukiwa bado unapita, wakaiweka ile iliyofutwa mahali pake, kisha wakaiandika upya.