Samoni wa baridi na ndoana iliyofika mahakamani

Wadau, leo tusafiri mbali kidogo. Kusini-mashariki mwa Alaska, katika maji ya visiwa vya jirani na mji wa Sitka, kila tarehe 11 Oktoba boti ndogo ndogo huanza kurambaza samoni, yaani kuburuta mishipi yenye ndoana nyuma ya chombo kinachokwenda taratibu. Ni majira ya baridi. Kuna theluji, upepo, na ikifika Desemba mchana wenyewe hauzidi saa saba. Ukiuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu aende baharini wakati huo, jibu ni fupi: bei.

Samaki anayetafutwa ndiye mkubwa kuliko samoni wote wa Pasifiki, na wavuvi humwita mfalme. Wakati wa baridi hajaanza safari ya kwenda mtoni kutaga. Anazunguka karibu na pwani akila heringi, kwa hiyo amenona, na samoni fresh wa baharini ni adimu sokoni miezi hiyo. Sheria inazibana boti hizo zivue karibu na nchi kavu tu. Bahari kuu wakati huo imefungwa.

Kazi yenyewe ni ya mtu mmoja au wawili. Nguzo ndefu hulazwa ubavuni mwa boti, zikashikilia nyaya za chuma zenye chubwi la kilo 20 hivi, na kila waya una ndoana kadhaa zenye vijiko vya kung'aa au heringi mzima. Samaki huvutwa mmoja mmoja, hutolewa damu na matumbo hapo hapo, kisha huwekwa kwenye barafu. Asiyefika inchi 28 (sentimeta 71) anarudishwa majini. Ukilinganisha na wavu unaozoa kila kilichopita, huu ni uvuvi wa kistaarabu mno!

Sasa tuingie kwenye historia. Watlingit walivua samoni katika maji hayo karne nyingi kabla ya mzungu kufika. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza wavuvi wa biashara, wengi wakipiga makasia siku nzima na mshipi ukiburutwa nyuma. Samaki walitiwa chumvi kidogo, wakapangwa kwenye mapipa makubwa na kusafirishwa hadi Ulaya, hasa Ujerumani, wakafukizwe moshi huko. Injini zilikuja baadaye.

Adui mkubwa wa wavuvi wadogo enzi hizo hakuwa baridi. Ilikuwa mitego ya makampuni ya samaki wa makopo: kuta za magogo na nyavu zilizowekwa kwenye njia ya samaki, wakajiingiza wenyewe. Wenye mitego wengi walikaa Seattle na San Francisco. Samaki anavuliwa Alaska, faida inalala kusini (hadithi hii mnaifahamu, si lazima niieleze). Mwaka 1956, wananchi walipopigia kura katiba ya jimbo walilokuwa wakilidai, walipitisha pia kifungu cha pekee cha kuipiga marufuku mitego hiyo. Alaska ikawa jimbo Januari 1959, na mitego ikaondoka.

Mwaka 1973 ikaja sheria ya kuweka kikomo cha leseni, na mwaka 1985 Marekani na Kanada zikatia saini mkataba wa kugawana samoni. Kwa nini mkataba? Kwa sababu samoni mfalme hana pasipoti. Wengi wanaonaswa Alaska wamezaliwa mito ya Kanada, Washington na Oregon, na huko ndiko wanakorudi kutaga.

Na mito hiyo imefanywaje? Mfano ni mto Columbia. Bwawa la Bonneville, lililofunguliwa 1938, angalau liliwekewa ngazi za kupandia samaki. Grand Coulee, lililokamilika 1942, halikuwekewa chochote. Ukuta wa mita 168! Mto wote wa juu ukafungwa kwa samoni, na makabila yaliyoishi kwa samaki hao yakabaki kutazama maji.

Mwenye njaa mwingine ni nyangumi wauaji wa pwani ya Seattle na Vancouver, ambao chakula chao kikuu ni samoni mfalme. Wamebaki zaidi kidogo ya 70, na tangu 2005 wamo kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2018 mmoja wao, Tahlequah, alimbeba mtoto wake aliyekufa kwa siku 17. Dunia nzima ilimwona.

Mwaka 2020 shirika la Wild Fish Conservancy la jimbo la Washington likaishtaki idara ya serikali kuu inayosimamia uvuvi wa baharini. Kusema haki, hoja yao haikuwa ya kipuuzi: idara iliruhusu uvuvi ikitegemea ahadi ya kuzalisha samaki zaidi wa kufugwa, na ahadi hiyo haikuwa na uhakika. Mei 2023 Jaji Richard Jones wa Seattle akatoa amri ambayo ingesimamisha urambazaji wa samoni mfalme, kiangazi na baridi pia. Yaani mwenye ndoana ndiye wa kufunga kazi, bwawa liendelee kutoa umeme. Hapo mimi nashindwa kuwaelewa.

Tarehe 21 Juni 2023, siku kumi kabla ya msimu wa kiangazi, mahakama ya rufaa ikaizuia amri hiyo, na Agosti 2024 ikaitengua. Majaji walisema mahakama ya chini haikupima vya kutosha hasara ambayo watu wa Alaska wangeipata. Msimu wa baridi ukafunguliwa Oktoba kama kawaida.

Januari 2025 Tahlequah alionekana tena akiwa na mtoto mwingine, naye amekufa, amemweka juu ya pua yake.