Kalenda ya Mvuvi wa Kilombero

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 maji yaliingia nyumbani kwa bibi yangu, Katindiuka. Hayakubisha hodi. Usiku tulilala tukisikiliza mvua juu ya bati, alfajiri tukashusha miguu kitandani, tukakanyaga maji. Redio ilisema ni mafuriko, ni maafa, wananchi wa mabondeni wahame. Tukabeba godoro, magunia mawili ya mpunga na kuku, tukahamia kwa jirani aliyejenga mahali palipoinuka kidogo. Siku ya pili ukuta wa jikoni kwa bibi, ambao ulikuwa wa udongo, ukaporomoka.

Siku ya tatu akaja mjomba. Yeye ni mvuvi tangu ujana wake. Akamwamkia mama yake, akampa pole, akasimama mlangoni akiyatazama yale maji muda mrefu. Halafu akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Ila mwaka huu mbegu imefika mbali."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia, "Mjomba, nyumba ya bibi inaanguka, wewe unazungumza mbegu? Mbegu gani?"

"Ya samaki, mpwa wangu. Kumbe wewe na kusoma kote huko hujui?"

Naam, sikujua. Nimezaliwa Ifakara, nimekula kambale na perege kabla sijajua kusoma, lakini sikujua kwamba yale maji ninayoyaogopa ndiyo shamba la mjomba. Ndugu msomaji, insha hii ni jibu langu la kuchelewa kwa swali lile.

Kwanza tulitazame bonde lenyewe. Upande wa kaskazini magharibi iko milima ya Udzungwa, upande wa kusini mashariki ziko nyanda za juu za Mahenge. Katikati ni tambarare. Mito ya Ruhudji, Mnyera, Mpanga na Kihansi inashusha maji yake humo, na Lumemo unatoka Udzungwa unapita hapa hapa Ifakara. Mto Kilombero ukishiba hauna mahali pa kwenda ila kutandaa. Basi kila mwaka mbuga inageuka ziwa, na kila mwaka ziwa linageuka mbuga. Mvuvi wa Kilombero anavua katika ziwa linalokuja na kuondoka.

Nilimwomba mjomba anieleze mwaka wake, naye akanieleza bila kutaja tarehe hata moja. Mimi ndiye niliyepachika majina ya miezi.

Novemba na Desemba mvua za kwanza hunyesha milimani. Maji ya mto, ambayo yalikuwa maangavu, huwa mekundu ya udongo. Hiyo ni ishara. Samaki aliyekuwa ametulia kwenye kina huanza kutembea. Huu ni wakati wa ndoano za usiku kwa kitoga, maana kitoga hupenda kina na giza.

Januari na Februari maji hupanda kwenye mifereji na kuingia mbugani. Kambale huyafuata. Usiku, baada ya mvua kubwa, hujisogeza kwenye nyasi ambazo zimefunikwa na maji karibuni, hata pale pasipomfunika mgongo, akataga mayai. Yeye ana uwezo wa kuvuta hewa kama sisi, kwa hiyo maji machache si kitu kwake. Wakati huo mgono hutegwa mfereji ukiwa umeelekezwa mtoni, kwa sababu samaki anatoka mtoni kwenda mbugani.

Machi hadi Mei mbuga yote ni maji. Mtu wa nje atadhani hii ndiyo sikukuu ya mvuvi. La hasha! Samaki ni wengi kuliko wakati wowote, lakini wametawanyika kwenye nyasi na matete, nyavu inarudi tupu. Perege jike anabeba watoto wake mdomoni. Vifaranga wa kila aina wanakula na kunenepa. Mjomba huu ndio wakati wake wa kushona nyavu, kuziba mtumbwi na kwenda kumsaidia mkewe shamba la mpunga. "Hapo," alisema, "mvuvi anangoja kama mkulima anavyongoja."

Juni na Julai maji hurudi mtoni, na samaki lazima warudi nayo, la sivyo watakauka. Hapo ndipo mavuno. Uzio wa matete hukatiza mfereji, migono hutegwa kwenye mianya, na safari hii mdomo wa mgono unageuzwa utazame mbugani. Ukimwona kijana ametega mgono Julai ukitazama mtoni, jua hakufundishwa. Kwenye kambi za wavuvi moshi haukatiki mchana na usiku, watu wanabanika mbala, ndungu, sulusulu na kambale.

Agosti hadi Oktoba mto umepungua na maji ni maangavu. Samaki waliobaki wamejikusanya kwenye vina na kwenye mabwawa kama lile la Kibasila. Nyavu zinapata, lakini anayemaliza samaki wa bwawani Oktoba amekula mbegu ya mwakani. Halafu mvua inanyesha tena milimani.

Huo ndio mwaka wa mjomba. Sasa nikaenda kutafuta mwaka huo kwenye vitabu. Nilitaka kuona historia imemweka wapi mvuvi huyu.

Nilikuta bonde letu limeandikwa sana. Mwaka 1929 Mwingereza Alexander Telford alitoa ripoti kuhusu maendeleo ya mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa ripoti ya majuzuu kadhaa kuhusu bonde zima la Rufiji, ambalo Kilombero ni sehemu yake. Miaka ya 1970 ikaja reli ya TAZARA. Mwaka 2010 ukatangazwa mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, na Kilombero ikawa mojawapo ya macho yake. Watu tofauti, serikali tofauti, bendera tofauti. Lakini ukitazama vizuri utaona wote waliliangalia bonde kwa jicho moja: hii ni ardhi yenye rutuba, na maji yake yanahitaji kutawaliwa. Mpunga, miwa, pamba. Kwa jicho hilo mafuriko ni adui wa mipango.

Sisemi walikosea kuupenda mpunga. Mchele wa Ifakara umenilipia ada ya shule. Ninachosema ni kwamba mwaka wa mpunga na mwaka wa samaki hapa kwetu ni mwaka mmoja, na mtu mmoja aliweza kuishi miaka yote miwili. Wandamba, ambao wanajulikana tangu zamani kwa mitumbwi na uvuvi, walikuwa wakulima wa mpunga vilevile. Wabena waliohamia bondeni waliitwa na A. T. na G. M. Culwick, katika kitabu chao cha mwaka 1935, Wabena wa mitoni. Katika kitabu hicho yumo pia Mtema Towegale Kiwanga, aliyetoa historia ya watu wake. Wapogoro na Wambunga nao waliujua mto. Kilichowaunganisha wote na maji yale ni chombo kimoja: mtumbwi.

Na hapa ndipo nilipomwona mvuvi vitabuni, akiwa amejificha ndani ya mti. Mwanahistoria Jamie Monson aliandika insha iliyotoka mwaka 1996 kuhusu utengenezaji wa mitumbwi Kilombero kati ya mwaka 1920 na 1940. Anaonyesha jinsi sheria za misitu za wakoloni zilivyombana fundi wa mitumbwi. Mti mkubwa haukuwa tena mti wa kuchonga tu, ukawa mali ya serikali. Tafakari, msomaji. Serikali ile ile ilitaka watu wa bonde walime chakula kwa wingi, huku ikiwabana wasipate chombo cha kuvukia kwenda shambani, cha kubebea mavuno, na cha kuvulia kitoweo. Ofisi ya misitu ilihesabu miti, ofisi ya kilimo ilihesabu magunia. Nani alihesabu mitumbwi?

Lakini tusidanganyane. Wapo wanaopenda kusema wazee wetu walitunza samaki kwa busara, na sisi vijana tumeharibu. Nilimuuliza mjomba kama ni kweli. Akacheka sana. "Ah! Wazee walikuwa na nyavu za kamba za kusokota kwa mkono. Zinaoza, zinakatika. Ungewapa nailoni ungeona busara yao!" Akaniambia pia habari za utupa, ile mimea inayopondwa na kutiwa bwawani samaki waelee. Si jambo la jana hilo. Nimelitafakari sana jibu lake. Yawezekana kilicholinda samaki zamani hakikuwa wema wa watu, kilikuwa ugumu wa kazi pamoja na ukubwa wa maji. Leo kazi imekuwa nyepesi: nailoni ni rahisi, makokoro ya matundu madogo yapo, hata chandarua cha mbu kinavua vifaranga. Kilichobaki kumlinda samaki ni maji yenyewe, ile miezi mitatu anapokuwa mbugani hafikiki.

Yuko mvuvi mwingine anayekuja bondeni kwetu. Kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji yuko samaki mwenye meno marefu kama ya mbwa, ambaye wataalamu walimpa jina la kisayansi lenye jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae, mwaka 1986. Wageni kutoka nje hulipa fedha nyingi kuja kumvua kwa fimbo na chambo cha kutengeneza kwa manyoya. Wakimpata wanampiga picha, kisha wanamrudisha majini. Nilipomsimulia mjomba alinyamaza, akauliza swali moja tu: "Wanakuja mwezi gani?" Nikamwambia, kiangazi, maji yakiwa maangavu. Akatingisha kichwa kwa heshima. "Basi hao wanaijua kazi."

Nilitegemea atawacheka. Badala yake aliwatambua. Anayerudisha samaki majini na anayembanika juu ya moto wanasoma kalenda moja. Tofauti ni kwamba kalenda ya mgeni imeandikwa, inauzwa, inaheshimiwa. Ya mjomba iko kichwani mwake, na yeye sasa anatembea akishika kiuno.

Na mambo yanabadilika upesi. Mwaka 2002 bonde letu liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, eneo la kilometa za mraba 7,967. Mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo. Mwaka 2018 Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, lilifunguliwa mtoni Kilombero, tukasahau kivuko na hofu zake, maana Januari 2016 kivuko kilizama hapo. Desemba 2022 bwawa la umeme la Julius Nyerere lilianza kujazwa kule chini Rufiji, na sehemu kubwa ya maji yake ni haya yanayotoka kwetu. Mwaka 2023 eneo la hifadhi bondeni likapandishwa kuwa pori la akiba. Kila moja ya hatua hizi ina sababu yake, na nyingine nazishangilia. Lakini kambi ambayo mjomba alijifunzia kugeuza mgono, haendi tena. Haruhusiwi. Na kijana asiyekwenda kambini Julai atajifunzia wapi?

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Samaki wanaweza kurudi maji yakiachiwa nafasi, wamefanya hivyo kila mwaka. Ujuzi ukikatika kizazi kimoja haurudi na mvua. Na siku ofisi itakapotaka kupanga upya maji haya, kwa tuta au kwa mfereji, nani atasimama kwenye mkutano aseme: ngojeni, Machi hapo pana watoto wa kambale?

Kwa hiyo nilinunua daftari. Nikachora miezi kumi na miwili, Januari juu, Desemba chini, nikajaza yote niliyoambiwa. Jumapili moja nikampelekea mjomba barazani kwa bibi, kwenye jiko jipya la matofali tuliyoyachoma wenyewe. Nikamsomea tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi alikuwa anapepeta mchele, naye akasikiliza.

"Umeandika vizuri," mjomba akasema. "Ila umekosea mwanzo."

"Mwanzo upi, mjomba? Januari?"

"Januari mwaka umeshakwenda mbali. Mwaka unaanza maji yanapobadilika rangi."

Bibi, ambaye mafuriko yalimvunjia jiko, akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "Mwambie na mwaka ule wa maji makubwa, yale ya kabla hajazaliwa, tulivyokula kambale mpaka tukawachoka."

Nikafungua ukurasa mpya, nikaanza na Novemba.