Kuzeeka kwa Chembe za Hewa Chafu ya Mijini

Kuzeeka kwa chembe ni mabadiliko ya kikemia na ya umbo yanayozipata chembechembe zinazoelea angani, yaani erosoli, tangu zitoke kwenye ekzosi, jiko au kiwanda hadi zitue au zisombwe na mvua. Chembe ndogo huweza kukaa angani kwa takriban wiki moja. Penye jua kali, hata hivyo, saa chache tu zatosha kuzigeuza.

Mexico City ni kati ya miji iliyochunguzwa sana. Jiji hilo liko bondeni, mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima huikwamisha hewa yake, na mwinuko huo huongeza mionzi ya urujuanimno. Machi 2006, watafiti wa mradi wa MILAGRO, akiwemo mwanakemia Luisa Molina, waliweka vituo kuanzia ndani ya jiji hadi nje yake upande wa kaskazini, na ndege zikaufuata moshi ulikopeperukia. Moshi wa jiji moja ukapimwa ukiwa mchanga, kisha ukiwa umekomaa.

Masizi mapya ya dizeli ni vipira vya kaboni vilivyoungana kama shada la zabibu, na hayashiki maji. Yakishatandwa na kemikali nyingine, vipira hujikunja vikawa donge. Donge lenye ganda hunyonya mwanga zaidi kuliko masizi matupu, tena huvuta unyevu, hivyo huweza kuwa kiini cha tone la wingu.

Ganda hilo hutengenezwa na jua. Mwanga huvunja naitrojeni dioksaidi, ozoni ikazaliwa; ozoni nayo, pamoja na mvuke wa maji, huzaa radikali za haidroksili. Hizi huushambulia mvuke wa petroli, rangi na viyeyushi na kuuongezea oksijeni, mpaka molekuli zinakuwa nzito mno kubaki gesi na kugandia kwenye chembe. Kabla ya 2006 tayari vipimo vya jiji hilo vilikuwa vimeonyesha kwamba mada hii hutengenezwa kwa wingi mara kadhaa kuliko mahesabu ya kompyuta yalivyobashiri. Kwa hiyo kuchuja moshi wa magari pekee hakutoshi: sehemu kubwa ya vumbi la mchana haikutoka kwenye bomba lolote ikiwa vumbi.

Si kila badiliko ni la kudumu. Amonia na asidi ya nitriki huungana asubuhi kuwa nitreti ya amonia, ambayo joto la mchana huweza kuirudisha kuwa gesi. Salfeti haina marejeo. Gesi ya salfa dioksaidi hugeuka kuwa salfeti polepole katika hewa kavu, bali kwa kasi ndani ya matone ya mawingu. Bonde la Mexico City hupata sehemu ya gesi hiyo kutoka kiwanda cha mafuta na mtambo wa umeme wa Tula, na pia kutoka volkano Popocatépetl.

Kuhusu afya, mambo hayako wazi kiasi hicho. Ozoni huvunja baadhi ya sumu za moshi, kama benzopireni, lakini oksidi za naitrojeni huweza kuzigeuza sumu za jamii hiyo kuwa nyingine zenye uwezo mkubwa zaidi wa kudhuru chembeuzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, unaoweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, hupima uzito tu wa chembe zisizozidi mikromita 2.5, changa na zee huhesabiwa sawa.