Ndanda na moshi wa 1905
Wengi tukifika Ndanda, kwenye barabara ya Mtwara kwenda Masasi, tunatazama kanisa la abasia, tunanywa maji ya chemchemi, kisha haraka tunawahi majabali ya Masasi. Mimi naona tunaruka ukurasa. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji walichoma misheni za Wabenedikti za Lukuledi na Nyangao. Machoni pao, padri Mjerumani na serikali ya Mjerumani walikuwa kitu kimoja. Ndanda ilianzishwa 1906, majivu hayajapoa. Baadaye ikatupa hospitali, shule, hata vitabu vya Kiswahili kutoka kiwanda chake cha uchapaji. Tushukuru, sawa. Lakini waliochoma nao ni babu zetu, na hasira yao ilikuwa na sababu.