Torres, Villa na Kibanda Umiza

Kwa hesabu za mabao, David Villa ndiye aliyestahili kupendwa. Ni mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya Hispania, mabao 59. Fernando Torres aliishia 38. Hispania ilipotwaa Kombe la Dunia Afrika Kusini mwaka 2010, Villa alifunga mabao 5. Torres hakufunga hata moja. Lakini Tunduma nilikokulia, enzi hizo ikiwa bado mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijazaliwa mwaka 2016, jezi iliyotembea mitaani ilikuwa ya Torres, namba 9 mgongoni. Ya Villa sikumbuki kuiona.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na naamini jibu linaanzia mwaka 2007. Mwaka huo Torres alitoka Atlético Madrid kwenda Liverpool, na msimu wake wa kwanza akafunga mabao 24 ya ligi. Mwaka huohuo GTV iliingia kwenye biashara ya televisheni ya kulipia Afrika, ikiwa na mechi nyingi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa bei nafuu. Ilifilisika Januari 2009, lakini ligi haikupotea. SuperSport waliendelea nayo.

Kwa mwenye kibanda umiza, king'amuzi ni mtaji. Analipia kwa mwezi, anakusanya kiingilio kwa mechi, basi anaonyesha ile inayojaza mabenchi. Saa nayo ilikuwa na kauli. Mechi za Jumamosi za Uingereza zilianza saa 11 au 12 jioni, mtoto anaweza kuruhusiwa kwenda. Mechi nyingi kubwa za Hispania zilichezwa usiku, milango ya nyumbani imeshafungwa. Villa, aliyekuwa Valencia hadi 2010, alifunga sisi tukiwa tumelala.

Kwa hiyo tulimpenda tuliyemwona. Hata Januari 2011, Chelsea ilipomnunua kwa pauni milioni 50 na mabao yakakauka, jina lake halikufa mtaani. Liligeuka utani: ukikosa goli la wazi uwanjani, unaitwa Torres. Villa hakupata hata heshima ya kutaniwa.

Hili linanipa wasiwasi kama mwanafunzi wa historia. Takwimu za FIFA zitadumu. Ubao wa chaki nje ya kibanda, ulioandikwa mechi za siku na kiingilio, ulifutwa kesho yake. Mtafiti wa mwaka 2080 akisoma takwimu peke yake ataandika kwamba kizazi chetu kilimshangilia Villa, na kila tarakimu yake itakuwa sahihi.

Ndiyo maana nimeanza kuwauliza wenye vibanda, wangali wanakumbuka: jioni gani mabenchi yalijaa, na watu walikuja kumtazama nani.